Louis Uni "Apollon": Mfaransa aliyegeuza magurudumu ya treni kuwa altere

Katika historia ya Kabondo-Dianda na miji mingine ya reli katika jimbo la Haut-Lomami, mwaka 1928 una uzito wake. Ndio mwaka ambapo reli ya kampuni ya BCK, iliyokuwa imefika Bukama tangu 1918, ilimalizika hadi Port-Francqui, mji ambao leo tunauita Ilebo. Ni zaidi ya kilomita 1,100 za chuma, zikipita hapa kati ya Bukama na Kamina.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, mzee mmoja wa Kifaransa aliyeitwa Louis Uni aliaga dunia. Jina lake halikuwa na uhusiano wowote na Katanga. Lakini chuma kilichompa sifa kilitoka relini: magurudumu mawili ya treni pamoja na kile chuma kinachoyaunganisha, ambacho mafundi wa SNCC wanakiita esie. Wanyanyua vyuma duniani kote bado wanakijua chuma hicho kwa jina la magurudumu ya Apollon.

Kwa kijana anayefanya mazoezi ya nguvu, maisha ya mtu huyu yanajibu swali moja ambalo wengi hawajiulizi: kwa nini altere mbili zenye kilo sawasawa, moja inapanda na nyingine inakataa kutoka chini?

Mtoto aliyekimbilia sirki

Louis Uni alizaliwa tarehe 28 Januari 1862 huko Marsillargues, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, si mbali na bahari ya Mediterania. Ukoo wake ulikuwa wa watu warefu na wenye nguvu, na yeye mwenyewe alikua haraka kuliko watoto wa rika lake.

Akiwa na miaka 14, alitoroka nyumbani na kufuata kundi la sirki lililokuwa likizunguka mijini. Wakati ule sirki ndiyo ilikuwa sinema, ndiyo ilikuwa televisheni. Ndani yake kulikuwa na wapiganaji wa mieleka, wanyama, na wanaume wa nguvu waliokuwa wakinyanyua mizigo mbele ya watu. Wazazi walimrudisha, lakini moyo wake ulikuwa umeshaondoka. Baadaye alirudi kwenye kazi ileile na hakuiacha tena kwa miaka mingi.

Alipokuwa mtu mzima, urefu wake ulikaribia mita 1.90 na uzito wake ulikuwa karibu kilo 120. Hakuwa na tumbo kubwa kama wanaume wengi wa nguvu wa siku zake. Alikuwa na umbo zuri, ndiyo maana akapewa jina la kazi la Apollon, mungu wa Wagiriki wa kale aliyesifiwa kwa uzuri. Hata hivyo, kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa vidole vyake. Alichokishika hakikumtoka.

Chuma cha zamani hakikuwa na kipimo kimoja

Ili kuelewa kwa nini vidole vilikuwa na maana kubwa hivyo, lazima kwanza kujua vyuma vya wakati ule.

Katika miaka ya 1880, hakukuwa na altere ya aina moja inayokubaliwa na wote. Kila mwanaume wa nguvu alikuwa na vyuma vyake, na alisafiri navyo. Huko Ufaransa, wengi walianza na mawe ya mizani, yale mapande ya chuma ya kilo 20 yenye pete juu, ambayo wafanyabiashara walipimia mizigo sokoni. Waliyarusha na kuyadaka, au waliyafunga mengi pamoja na kuyainua kwa mkono mmoja.

Aina ya pili ilikuwa altere ya mipira: fimbo fupi ya chuma yenye mpira wa chuma huku na huku. Mingine ilikuwa chuma kitupu, uzito wake haubadiliki. Mingine ilikuwa na uwazi ndani, mtu anatia mchanga au risasi ili kuongeza kilo. Hapo ndipo udanganyifu ulipoingia. Mtu angeweza kuonyesha mpira mkubwa uliojaa hewa na kutangaza kwamba una kilo 150. Mwingine angetia uzito mwingi upande mmoja ili mgeni anayejaribu ashindwe kuusawazisha.

Aina ya tatu ilikuwa fimbo nene. Hii ndiyo ilikuwa silaha ya Apollon. Fimbo nyembamba, vidole vinaizunguka na dole gumba linavifunga. Ikinenepa, vidole na dole gumba havikutani tena, na mkono unabaki kama kulabu lililo wazi. Mwenye mgongo wenye nguvu anaweza kuwa na uwezo wa kuuinua mzigo, lakini chuma kinateleza mikononi kabla mgongo haujaanza kazi. Apollon alijua kwamba wapinzani wake wengi wangeshindwa hapo, na alichagua vyuma vyake kwa kufuata hesabu hiyo.

Katika kumbi za maonyesho za Paris na za miji mingine ya Ulaya, alikuwa na mchezo mmoja ambao watu waliulipia tena na tena. Alijifanya mfungwa, anafungiwa nyuma ya vyuma vya gereza, halafu anavipanua kwa mikono na kutoka. Inasimuliwa kwamba siku moja fundi alikuwa amevipika vyuma hivyo vikawa vigumu kupita kiasi, na Apollon hakuambiwa. Alisukuma na kuvuta mpaka vikapanuka, akapita, lakini alikuwa amechoka kabisa na hakuweza kuendelea na michezo mingine ya usiku ule.

Magurudumu

Mwaka 1892, huko Paris, ndipo habari ya magurudumu ya treni ilipoanza kuenea. Kifaa kinachobeba jina lake hadi leo kina vipimo hivi: uzito wa kilo 166, magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 66 hivi, na esie yenye unene wa milimita 49, laini, isiyo na mikwaruzo ya kushikilia.

Tuviangalie vipimo hivyo kimoja kimoja.

Magurudumu ya sentimita 66 yanaifanya esie ikae sentimita 33 juu ya ardhi. Altere ya mashindano ya leo inakaa sentimita 22.5 tu. Ni kusema, mwanzo wa kuvuta ulikuwa mwepesi kidogo, kwa sababu mtu hahitaji kuinama sana.

Lakini wepesi huo unaishia hapo. Unene wa milimita 49 unafungua vidole. Ulaini wa chuma unakifanya kiteleze. Na baya zaidi, magurudumu yalikuwa yamekazwa kwenye esie, hayazunguki peke yake. Mtu anapovuta altere hadi mabegani, lazima viganja vigeuke: vilikuwa vinatazama nyuma, sasa vinatazama juu. Altere ya kisasa inaruhusu fimbo igeuke huku uzito ukitulia. Kwa Apollon, kugeuza viganja kulikuwa kugeuza magurudumu yote mawili, na magurudumu yale yalikuwa yakipinga na kuivuta esie itoke mikononi.

Je, Apollon mwenyewe alikipandisha kifaa hicho cha kilo 166 juu ya kichwa? Wanaoandika historia ya michezo ya nguvu hawakubaliani. Edmond Desbonnet, mwalimu wa mazoezi aliyemfahamu na aliyechapisha mwaka 1911 kitabu juu ya wanaume wa nguvu, alimweka kati ya wenye nguvu kupita wote. Wengine wanasema alikiinua kutoka chini tu, na kwamba kile alichokipandisha juu kilikuwa kifaa kingine chepesi zaidi. Hakukuwa na waamuzi, hakukuwa na mizani mbele ya watu, hakukuwa na karatasi iliyotiwa sahihi. Ndiyo hasara ya mtu aliyefanya kazi yake yote katika maonyesho: nguvu zake zilionekana na maelfu ya watu, na hata hivyo leo tunabishana juu yake.

Desbonnet alisikitika pia juu ya jambo lingine. Kwa maoni yake, Apollon hakupenda kujisukuma hadi mwisho wa uwezo wake. Alifanya kile kilichotosha kuwashangaza walionunua tiketi, basi. Hakuna aliyempangia mazoezi, hakuna aliyeandika vipimo vyake mwaka hadi mwaka.

Vichy, 1913

Mwili wa mwanaume wa nguvu ulikuwa ndio duka lake. Duka likiungua, hakuna mwingine wa kumlipa.

Mwaka 1913, mjini Vichy, Apollon alikuwa na miaka 51. Katika mchezo mmoja alizuia magari mawili yaliyokuwa yakivuta kwenda pande tofauti, moja kwa kila mkono. Siku hiyo mambo yaliharibika. Misuli ilichanika, damu ikamwagika ndani ya mwili, na kazi yake kubwa ikaishia hapo. Mwaka uliofuata vita kuu ya kwanza ilianza, na dunia ya kumbi zile ikabadilika.

Alionekana mara nyingine mbele ya umma kwa njia mpya. Mwaka 1926 ilitoka filamu ya kimya "Mare Nostrum" ya Rex Ingram, na ndani yake yule mzee mwenye mabega mapana aliyecheza kama Triton ni Louis Uni. Miaka miwili baadaye alifariki, akiwa na miaka 66.

Mwaka aliofariki, altere mpya

Mwaka huohuo wa 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanyanyua vyuma walitumia altere iliyotengenezwa na Mjerumani Kaspar Berg wa mji wa Nuremberg. Haikuwa na mipira. Ilikuwa na diski zinazoongezwa na kupunguzwa, na vichwa vya fimbo vilivyozunguka peke yake. Kila mshindani alishika fimbo ileile kama mwenzake. Tangu hapo, kilo 100 za Paris zikawa sawa na kilo 100 za Cairo.

Sasa ilibaki kujua kama kuna atakayeweza magurudumu ya Apollon.

Wa kwanza alikuwa Mfaransa Charles Rigoulot, bingwa wa Olimpiki wa 1924. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea altere ndefu yenye kunesa, ambayo inasaidia mwili wakati wa kusukuma. Mwaka 1930 aliiacha hiyo, akafanya mazoezi kwa ajili ya esie ile isiyonesa hata kidogo, na akaipandisha juu ya kichwa.

Wa pili alikuwa John Davis, Mmarekani mweusi, bingwa wa Olimpiki wa 1948 na 1952. Mwaka 1949 huko Paris, alishindwa mara kadhaa kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo kwa unene ule. Mwishowe alishika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, akavuta, akakibadilisha kiganja kimoja chuma kikiwa hewani, akakidaka mabegani, kisha akasukuma juu. Hebu fikiri: kilo 166 hewani, na mtu anaachia mkono mmoja ili aushike upya.

Wa tatu alikuwa Norbert Schemansky, Mmarekani mwingine. Mwaka 1954 mjini Lille, aliyachukua magurudumu hadi mabegani na kuyasukuma juu mara tatu. Na mwaka 2002, katika mashindano ya Columbus, Marekani, yaliyotumia kifaa kilichotengenezwa kwa mfano wa kile cha zamani, Mark Henry alikipandisha juu ya kichwa na akashinda mashindano hayo. Kuanzia hapo, esie nene imekuwa moja ya majaribio ya kawaida katika mashindano ya wanaume wenye nguvu.

Wote hao walikuwa na uwezo wa kunyanyua kilo nyingi zaidi ya 166 kwa altere ya kawaida. Kilichowatesa kilikuwa fimbo.

Altere za leo na vipimo vyake

Kutokana na historia hiyo, aina za altere zinaeleweka kwa urahisi.

Altere ya Olimpiki ya wanaume ina kilo 20, urefu wa mita 2.20, na unene wa milimita 28 pale inaposhikwa. Ya wanawake ina kilo 15, urefu wa mita 2.01, na unene wa milimita 25, kwa sababu mikono yao kwa kawaida ni midogo. Wanawake waliingia katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Vichwa vya fimbo zote mbili, pale diski zinapoingia, vina milimita 50. Kwa hiyo anayetaka kujua Apollon alishika nini, ashike kichwa cha altere ya Olimpiki badala ya katikati. Tofauti ni milimita moja tu.

Diski kubwa zina kipenyo cha sentimita 45 zote, hata kama kilo zinatofautiana, ili fimbo ianze kwenye kimo kimoja. Rangi zinasaidia kuhesabu: nyekundu ni kilo 25, bluu 20, manjano 15, kijani 10. Vifungio vya mashindano vina kilo 2.5 kila upande. Ukitaka kilo 166 za Apollon kwa altere ya leo: fimbo 20, vifungio 5, kisha kila upande nyekundu mbili, bluu moja na diski ndogo ya nusu kilo. Hesabu inatimia.

Kuna altere ya mchezo wa kuchuchumaa, kulala na kuvuta. Nayo ina kilo 20, lakini ni nene kidogo, hadi milimita 29, na ngumu zaidi, kwa sababu mchezo huo hauhitaji fimbo inayonesa wala kuzunguka kwa haraka. Kuna fimbo iliyopindwa kama mawimbi, fupi na nyepesi, inayopunguza maumivu ya viganja wakati wa kukunja mikono. Kuna fimbo yenye pembe sita, mtu anasimama katikati yake, na mgongo unapumzika kidogo. Kuna fimbo nyembamba za nyumbani zenye vichwa vya karibu milimita 25 hadi 30, ambazo hazipokei diski za Olimpiki bila kuchezacheza. Na kuna fimbo nene ya milimita 48 hadi 50, mjukuu wa esie ya Apollon.

Kwa vijana wa miji ya reli

Katika miji yetu mingi, ukumbi wenye altere ya Olimpiki ni nadra. Vijana wanajitengenezea: bomba la chuma, makopo mawili ya saruji, na mazoezi yanaanza asubuhi. Si jambo la kuchekwa. Hata mawe ya mizani ya kilo 20 ya wakati wa Apollon yalitoka sokoni.

Lakini maisha yake yanaonya juu ya mambo matatu.

La kwanza, bomba nene si sawa na fimbo. Anayeweza kilo 60 kwa fimbo ya milimita 28 asidhani ataweza kilo 60 kwa bomba la milimita 50. Aanze chini sana, na asijaribu kuinua kitu juu ya kichwa chake wala kifua chake akiwa peke yake.

La pili, saruji haidanganyi ikiwa imepimwa. Kila kopo lipimwe kwenye mizani ya gunia kabla ya kutumika, na pande zote mbili ziwe sawa. Kopo moja likizidi jingine kwa kilo tatu, ni bega na mgongo vitakavyolipa. Tena saruji haizunguki, kwa hiyo bomba kama hilo lina tabia ileile ya magurudumu ya Apollon: linapinga viganja vinapogeuka. Linafaa zaidi kwa kuvuta, kuchuchumaa na kusukuma polepole kuliko kwa kurusha juu kwa haraka.

La tatu, esie ya treni ya kweli si altere. Kifaa cha Apollon kilitoka kwenye kigari kidogo. Esie ya vagoni ya mizigo pamoja na magurudumu yake inapita uzito huo mara kadhaa, na ikibingirika inavunja mguu bila kusimama. Zaidi ya hayo, ni mali ya reli, na juu yake wanakaa mama na watoto wanaosafiri kati ya Lubumbashi na Kamina.

Louis Uni aliishi wakati ambapo mwanaume wa nguvu alichagua chuma chake mwenyewe, akajipimia mwenyewe, akajitangaza mwenyewe. Jina lake limebaki, na chuma chake kimebaki. Kilichokosekana ni daftari. Kijana wa Kabondo-Dianda anayeandika leo tarehe, unene wa bomba lake na kilo alizoinua, ana kitu ambacho Apollon hakukiacha.